Hesabu Mpaka Kumi

Jina tulimpa wenyewe: Mihayo,
maneno, kwa Kinyamwezi,
naye ana miaka miwili na nusu, hana hata moja.

Majirani wa Isevya wakikatiza uchochoroni
huuliza kama wanavyouliza bei ya mchele:
"Kijana keshasema?"
Nainua kichwa kutoka tumboni mwa redio,
najibu, "Bado,"
narudi kwenye nyaya zangu.

Mama Kalunde alisema kimeo, kikatwe.
Shemeji Ndekeja alisema ni mimi,
mtoto kafuata damu,
baba mwenyewe ukimsalimu asubuhi anaitikia adhuhuri.
Hilo la pili lilinikaa.

Nesi wa Kitete alimpakata,
akatikisa funguo nyuma ya sikio la kulia, kisha la kushoto.
Mtoto akageuka mara zote mbili.
"Masikio mazima. Na kimeo achaneni nacho.
Nyumbani nani anazungumza naye?"
Tukatazamana, mimi na Nyanzobe.
"Tunamlisha," nikasema. "Tunamwogesha."
"Huku mkimwambia nini?"

Mimi fundi. Kimya ndio mtaji wangu:
redio mbovu ukiipigia kelele
husikii inapouma.
Leo napewa kazi ya kusema peke yangu
kama mtu anayetangaza mpira usiochezwa.
Hii soksi. Soksi nyekundu. Mguu unaingia, unaingia, umeingia!
Maji ya moto. Hapana, ya vuguvugu. Weka mkono.
Michembe hii, bibi kaileta kutoka Sikonge,
ngumu eh, itafune polepole, italainika.
Wiki ya kwanza koo lilinikauka,
wapita njia wakaanza kunisalimu kwa huruma.
Wiki ya pili nilimweleza habari za spika,
za risasi inavyoyeyuka na kung'aa,
za babu yake aliyekwenda kurina asali
akarudi na uso kama boga, akicheka,
mambo ambayo sijawahi kumwambia mkubwa yeyote.

Nesi alisema pia: ukishasema, nyamaza.
Mtazame usoni. Hesabu mpaka kumi.
Usimtilie neno mdomoni kama uji.

Moja, mbili. Ananitazama.
Tatu, nne. Nzi katua kwenye kikombe.
Tano. Hujui urefu wa kumi
mpaka uingoje midomoni mwa mwanao.
Akanyoosha kidole: "Eh."
"Eh, nzi! Nzi karuka. Kaenda zake."
Siku nzima tulikula na kushiba hiyo eh.

Baadaye zikaja ba-ba-ba zisizoniita mimi,
na mluzi, na mkoromo,
kama redio ya zamani mshale ukipita
katikati ya stesheni mbili:
unajua kuna mtu anasema huko,
hujui mji wala lugha.
Mkono uliniwasha kuzungusha kitufe.
Niliukalia.

Kisha Jumamosi moja ya masika, bati linavuja
tone kwa tone kwenye sufuria,
treni ya Kigoma haijapiga honi,
Mama Kalunde mlangoni na mwavuli wake:
"Na huyu? Keshasema?"
Nilifungua mdomo kwa mazoea.
Sauti ikatoka chini ya meza,
kati ya betri zilizokufa na maganda ya karanga,
ya mtu mwenye shughuli zake,
hata kichwa hakuinua:

"Ado."

Mwavuli wa Mama Kalunde ulianguka ukafunguka wenyewe.
Nyanzobe alikuja mbio na mwiko mkononi.
Sikumsahihisha. Nilimrudishia neno lake likiwa zima:
"Ndiyo, Mihayo. Bado."
Nikawanyoshea kidole wanawake wote wawili, wanyamaze.

Moja.
Mbili.